Mama Zuhura, mlete mzee Old Moshi kwanza

Moshi, Jumapili jioni

Mama Zuhura, salaam sana,

Ujumbe wako nimeupata. Huku hatujambo, ila baridi ya Juni imeshaanza kutubana na mlima umejifunika mawingu, hata ukija leo sina cha kukuonyesha. Umesema baba mkwe anakuja, mna siku moja tu, mnataka gari la kwenu wenyewe na mtu wa kuwatembeza, na kuna ofisi imeshakupangia: mnara wa saa, soko, kahawa, chakula, kisha chemchemi ya Chemka mpaka jioni. Chemka siikatai. Kwa watoto ni pazuri mno. Lakini mzee aliyefundisha historia mpaka akastaafu, shoga yangu, umkalishe ukingoni aangalie vijana wanavyorukia maji kwa kamba?

Mpeleke Old Moshi. Na iwe asubuhi, mjini mmalizie mchana, wala usikubali wakikugeuzia ratiba.

Mji huu mnaoshukia na basi ni wa juzi. Moshi yenyewe ilikuwa kule juu kwenye migomba, na ndiko alikotawala Mangi, yaani chifu, Rindi, yule ambaye Wazungu walimwandika kwa jina la Mandara. Aliyetaka kuupanda mlima kupitia upande huu ilimbidi aelewane naye kwanza. Charles New, aliyefika hadi kwenye theluji mwaka 1871, alipitia kwake. Wajerumani nao walipokuja waliweka kituo chao huko huko. Kisha reli, hiyo iliyoanzia kwenu Tanga, ikafika uwandani mwaka 1911. Stesheni ikajengwa chini, ofisi na maduka yakaifuata, na jina nalo likateremka. Mkianza na mjini, mzee ataona jengo la stesheni, basi. Mkianza juu, atalitazama kwa jicho jingine kabisa.

Njia ni hii ya Himo. Mkifika Kiboriloni mnakata kushoto, mnapanda. Siku ya gulio msipite hapo, maana mitumba inamwagwa mpaka kando ya lami na wewe nakujua, tutakukuta jioni bado unachambua magauni.

Zaidi ya yote nataka mfike Tsuduni, kwenye mti alionyongewa Mangi Meli, mtoto wa Rindi. Mti bado upo, na siku hizi pamewekwa sanamu yake. Mwongozaji ninayemfahamu ni kijana wa kijiji hicho hicho, na nampendea jambo moja: akifika pale haanzi na kunyongwa. Anavua kofia, anawaacha mtulie, halafu anaanza na mwaka 1892, pale Meli alipowapiga Wajerumani na kamanda wao, von Bülow, akafia vitani. Kwanza ushindi. Mwaka uliofuata walirudi na jeshi kubwa wakamshinda. Mti anauacha mwishoni: tarehe 2 Machi 1900, Meli na viongozi wengine wa Kichagga, Kimeru na Kiarusha, kamba shingoni, watu wao wakiwa wamekusanywa watazame.

Hapo huwa hakosekani wa kuuliza nani alimchongea. Siku niliyokwenda na wageni wa shemeji yangu, kijana alitukagua kwanza usoni mmoja mmoja, akauliza, "Kuna mtu wa Marangu hapa?" Tukacheka, mmoja wetu akanyoosha mkono. Basi akalieleza kwa adabu: masimulizi ya huku yanamtaja Mangi Marealle wa Marangu, aliyekuwa hasimu wa Meli na rafiki wa Wajerumani. Yule wa Marangu akajibu, wakabishana vizuri kweli, sisi tukakaa kwenye majani tukawaachia. Ndiyo maana nakwambia mwende peke yenu. Ukiwa kwenye basi la watalii waliochanganyika, mambo haya husomewa kwa dakika tano na mnaambiwa mpande garini.

Halafu kuna habari ya kichwa. Ukoo unasema kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, mzee Isaria Meli, alikihangaikia miaka mingi, akatoa mpaka vipimo vya vinasaba. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin, waliokuwa wakichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki, walitangaza kwamba wamepata ndugu walio hai wa baadhi yao, na fuvu moja ni la akida, mshauri mkuu, wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo. Mweleze mzee haya mapema, asije akaulizia kaburi mbele za watu.

Kutoka hapo mnatembea kidogo kwenye vihamba, mashamba ya migomba ya Wachagga. Mwambie kijana awapitishe kwenye mfereji. Mimi siuchoki: maji yanatoka mlimani yanapita kwenye ubavu wa kilima, na penye mlango wa shamba kuna kipande cha shina la mgomba kimezibwa kwa majani na udongo. Mwenye zamu anakikanyaga pembeni kwa kisigino, anakivuta, maji yanageukia kwenye migomba yake. Zamu ikiisha anazibua ya jirani. Ukizidisha muda wako utasikia maneno kutoka kihamba cha juu, na ya Kichagga hayahitaji mkalimani.

Chakula mwagizeni mapema. Mtori au machalari, msikubali chipsi. Mbege, pombe ya ndizi, mtaletewa kwenye kibuyu kwa heshima, nanyi mtakataa kwa heshima, waelezeni tu kwamba ninyi hamnywi, hakuna atakayenuna.

Mjini ni saa mbili zinatosha. Stesheni, kisha jengo la KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa, karibu na mnara wa saa, mnywe kahawa hapo. Mzee aelezwe kwamba wakulima wa Kichagga walianzisha chama chao mwaka 1925, wakati walowezi hawataki kabisa kumwona Mwafrika akilima kahawa, na KNCU ikazaliwa mwaka 1933. Soko mtaliona kwa dirisha.

Bei patana naye kabla hamjatoka: kama mafuta yamo, chakula kimo, na mchango wa kijiji umo. Asiyetaka kukutajia vitu hivyo kimoja kimoja, achana naye. Mzee avae viatu vya kushika, udongo wa juu ukilowa ni sabuni, na sweta asisahau. Baba Zuhura akisema ataendesha mwenyewe mkatalie, chukueni Noah na dereva wa huku.

Sasa nijibu mawili. Mzee anaweza kutembea nusu saa ya mteremko, au nimwambie kijana atafute njia ya gari mpaka karibu? Na ni Jumamosi au Jumapili? Jumapili asubuhi watu wote wako ibadani, kijana mwenyewe anaimba kwaya, hatapatikana mpaka saa sita.

Msalimie Zuhura na mdogo wake. Kitanda cha mzee nimeshakitandika, ninyi mtalala sebuleni.

Wako,
Mama Eli