YAH: MALALAMIKO KUHUSU KITAKO CHA BUNDUKI KILICHOKATWA NA KUFUNGWA MPIRA VIBAYA

Ndugu Meneja wa Karakana,

Agizo lilikuwa kitako cha bunduki yangu, yaani mbao ya nyuma inayoegemezwa begani, kipungue kutoka milimita 365 hadi 345, kikipimwa kutoka kwenye triga hadi katikati ya mwisho wake, kisha kifungwe mpira wa kupunguza kishindo begani bunduki inapopiga. Bunduki imerudi na milimita 365 zilezile.

Fundi wenu alikata mbao milimita 20 tu. Bamba la plastiki alilong'oa mwishoni mwa kitako lilikuwa na unene wa milimita 5. Mpira aliouweka una 25. Kwa hiyo mbao ilitakiwa kukatwa 40: 20 za kupunguza urefu na 25 za kuupisha mpira, kutoa 5 za bamba. Hesabu hiyo hufanywa kabla msumeno haujashikwa.

Pembe nayo imepotea. Msumeno haukufuata mwinamo wa mwisho wa awali, hivyo ncha ya chini imejitokeza na inachoma kifua bunduki inapopiga. Mstari wa kukata haukuzungushiwa utepe wa karatasi, ndiyo maana vanishi imebanduka ukingoni.

Skrubu ya juu inazunguka bure. Matundu ya zamani hayalingani na ya mpira mpya. Yalipaswa kuzibwa kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi, ikauke, ndipo yatobolewe upya. Mbao iliyo chini ya mpira imeachwa tupu, bila mafuta wala vanishi. Hapo ndipo nyuzi za mbao hunywa unyevu kwa kasi kuliko popote, na kitako huvimba.

Linaloudhi zaidi ni mpira kusagwa ukiwa umefungwa kwenye kitako kisichokingwa. Msasa umekula vanishi sentimita 3 kwenda mbele. Mzunguko wa kitako huchorwa kwenye mpira kwa sindano, mpira hufunguliwa, husagwa pembeni, kisha hurudishwa.

Naomba mkate milimita 20 zilizobaki kwa pembe sahihi. Mkato huo utaondoa na ukingo uliobanduka. Angalieni kwanza skrubu ya kishikizo cha mkanda isije ikakutana na skrubu ya chini ya mpira. Sehemu iliyoliwa na msasa ipakwe vanishi upya. Gharama zote ziwe zenu, na kazi ifanywe na fundi mwingine. Kama hamwezi, rudisheni malipo yote pamoja na bei ya mpira.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 7.

Mteja wenu