Wino kwenye kidole cha ami

Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini mwako maana hili jambo linatumaliza hapa Malindi. Mtu akichelewesha mkopo miezi miwili mitatu tu, barua ya benki haijakauka mkononi, keshatokea jamaa barazani na faili kwapani ati amekuja kukuokoa, sasa habari za deni lako kazipata wapi Mungu ajua.

Ami yangu wa Muyeye aliweka nyumba rehani akanunua boti ya kupeleka watalii, sizini ikawa mbaya, marejesho yakasimama. Huyo jamaa akamwambia mzee tulia, deni lote nalipa mimi, wewe utakaa humo humo kama mpangaji, ukipata pesa unainunua tena, ila toa elfu 30 kwanza za kufungua faili. Makaratasi yenyewe ya Kizungu, hakusomewa hata mstari. Akapiga dole gumba, akaenda zake kuswali alasiri, na mke wa ami alipouona ule wino wa buluu ndo akauliza, mwenzangu, umesaini nini? Kumbe ni kuhamisha umiliki wa nyumba! Benki haijui lolote, deni liko palepale na riba inapanda, na simu ya jamaa mteja hapatikani.

Watu wetu wanaogopa benki kuliko matapeli, hapo ndo tunapoliwa. Barua ya kwanza si mnada jamani. Sheria ya Ardhi ya 2012 inakupa miezi 3 ulipe, halafu ije notisi ya kuuza ya siku 40, na dalali naye ana yake ya siku 45, na kabla ya kuuza lazima nyumba ithaminiwe. Tena nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila mke au mume kukubali, sasa huyo mke wa ami hata hodi hakupigiwa!

Ami alikwenda benki mwenyewe, miguu ikimtetemeka, wakakaa wakampunguzia rejesho la mwezi na kumuongezea muda, hata chai akapewa. Yale makaratasi ya jamaa bado tuko na wakili, na zile elfu 30 ndo zishakwenda.

Sasa ukutani ameandika kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, na juzi kuna mwengine kashuka kwenye tuktuk na faili, akaisoma yote, kisha akapiga hodi.

Msomaji wako,
Malindi