Niambie kwanza chupa yako inalala wapi

Siku moja ya Desemba, jua limewaka, mama mmoja anayeuza juisi ya ukwaju na tangawizi karibu na kivuko cha Msangamkuu, hapa Mtwara, aliingia dukani kwetu tunakochapa lebo, ameshika chupa mbili zinazochuruzika maji. Moja haikuwa na lebo kabisa. Ya pili ilikuwa nayo, ila ukiigusa kwa kidole gumba inasogea, na wino umevujia pembeni. Nikamwamkia, akaitikia, akaziweka chupa mezani. “Mwanangu,” akasema, “mteja akichomoa chupa kwenye deli, chupa inatoka, karatasi inabaki kwenye barafu. Nauza juisi isiyo na jina.”

Lebo zile tulizichapa sisi. Hakutuambia kwamba chupa zake zinashinda kwenye barafu tangu asubuhi hadi jioni, na sisi hatukumuuliza. Kuuliza ilikuwa kazi yetu, kwa hiyo tulimchapia upya bila malipo. Tangu siku ile, mteja akija na picha ya lebo anayoitaka, kabla hatujazungumza rangi wala ukubwa tunamuuliza: chupa yako inalala wapi, na ndani yake kuna nini?

Kilichoharibika pale ni hiki. Tulitumia karatasi ya stika inayong'aa, tukaifunika kwa laminesheni. Kwa macho ungeapa haipitishi maji. Lakini karatasi ni nyuzi za miti, na laminesheni inafunika uso tu. Pale ulipopita mkasi, nyuzi ziko wazi. Iloweke lebo ya namna hiyo kwenye maji ya barafu kisha uitazame kwa karibu: utaona utepe mwembamba wa unyevu umezunguka ukingo wote, unaingia ndani pole pole. Karatasi inavimba, inaachana na gundi yake, na kuanzia hapo ni suala la muda tu. Kuongeza laminesheni nyingine juu hakusaidii kitu, kwa sababu maji hayapiti juu, yanapita ubavuni.

Kwa chupa inayokutana na maji, achana na karatasi, chagua filamu ya plastiki. Kwa juisi, maji, sabuni ya maji na sosi ya pilipili, polipropilini inatosha kabisa. Hainywi maji, haichaniki ovyo, na ni nafuu kuliko vinaili. Vinaili tunaipendekeza kwa vitu vinavyokaa nje juani: ndoo za rangi, matangi, boti, mabango madogo ya mlangoni. Poliesta ni ngumu zaidi, inafaa vibandiko vya mashine na namba za vifaa. Kuiweka kwenye chupa ya juisi ni kupoteza hela yako. Na kama chupa yako ni ile laini ya kuminya, tuambie mapema, maana filamu ngumu itakunjika na kuweka mikunjo ambayo haiondoki.

Filamu nzuri bila wino unaofaa bado ni hasara. Printa nyingi za wino zilizoko kwenye steshenari zetu hutumia wino wa rangi iliyoyeyushwa kwenye maji, na maji yakirudi yanaiyeyusha tena. Wino wa pigmenti, ambao rangi yake ni chembe ndogo zisizoyeyuka, unavumilia zaidi, mradi filamu yenyewe iwe imetengenezwa kupokea wino huo. Printa ya leza haina wino. Inatumia tona, unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto na kugandamizwa, kwa hiyo maji hayaupati kirahisi. Tahadhari moja kwa wenye printa ya leza nyumbani: usiingize vinaili ya kawaida humo. Joto la ndani litaiyeyusha na itaganda kwenye roli. Nunua filamu iliyoandikwa wazi kuwa ni ya leza.

Kuna na zile printa za joto zisizotumia wino wala tona. Unazijua kupitia risiti za EFD. Risiti ile ukiisahau kwenye dashibodi ya gari, ukirudi unaikuta imekuwa nyeusi au maandishi yamefifia. Lebo ya bidhaa iliyochapwa kwa njia hiyo inapata mambo yale yale kwenye jua la Mtwara. Kama unataka kasi ya printa ya joto, tumia inayopitisha riboni, yaani utepe ambao rangi yake inahamishiwa kwenye lebo kwa joto, na riboni iwe ya rezini badala ya nta, kwa sababu nta inakwaruzika hata kwa kucha.

Tukija kwenye gundi, hapa ndipo wateja wetu wengi wanapoumia, hasa wa mafuta. Mtu anakamua mafuta ya ufuta au ya nazi, anajaza chupa, anapangusa kwa kitambaa kile kile alichopangusia chupa ishirini zilizotangulia, anabandika. Kitambaa kimeshalowa mafuta. Anachofanya ni kupaka chupa mafuta kwa utaratibu mzuri, kisha anashangaa lebo inanyanyuka kona. Bandika lebo kabla ya kujaza. Ikishindikana, pangusa kwa spiriti na kitambaa safi, acha ikauke, ndipo ubandike. Gundi ya akriliki inavumilia joto na jua kuliko ya mpira, lakini haifiki nguvu yake siku ile ile. Ipe saa 24 angalau, na kwa plastiki zenye utelezi kama madumu na ndoo, ipe hata siku 3 kabla ya kuitia kwenye maji.

Chupa iliyotoka kwenye friji usiibandike. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na chupa ya baridi inatoka jasho ukiwa bado unatafuta pa kuiweka. Utando wa maji usiouona unatosha kuizuia gundi isishike chupa. Ngoja chupa ipate joto la chumba, ikauke, bandika kuanzia katikati ukisukuma hewa kuelekea kingo. Na ukiweza, chagua lebo yenye kona za mviringo. Kona kali ndiyo inayokwaruzwa kwenye katoni, na ikishanyanyuka kidogo tu, vumbi linakaa chini yake na hairudi tena.

Wabanguaji wadogo wa korosho wanaofungasha robo na nusu kilo, ninyi tatizo lenu si maji sana. Ni mfuko unaokunjwa-kunjwa na mafuta ya korosho za kukaanga. Filamu nyembamba, ibandikwe mfuko ukiwa bado mtupu na umelala mezani. Wa asali, angalieni umbo la kopo. Kopo lililopanuka juu na kubana chini halikubali lebo iliyokatwa mraba. Lazima ikatwe kwa upinde, la sivyo itakunjamana upande mmoja.

Mafuta na maji hayaharibu urembo peke yake. Tangu Julai 2019 usajili wa vyakula na vipodozi uko Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na jina la bidhaa, viambato, uzito, mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda wake vyote vinasomwa kwenye lebo. Tarehe ikifutika, duka linaweza kukurudishia mzigo. Tumeona watu wanachapa lebo nzuri ya filamu kisha wanaandika tarehe kwa maka juu ya uso unaong'aa, na inafutika kwa kiganja. Tukijua mapema kwamba utaandika kwa mkono, tunakuachia kisanduku kisichong'aa, kinachoshika wino. Msimbo pau (barcode) nao, hasa kwenye chupa nyembamba, uwekwe milia ikilala kama vipago vya ngazi. Ikisimama, mzunguko wa chupa unaificha milia ya pembeni na mashine ya dukani haiusomi.

Kabla ya kuchapa oda yote, tunakupa vipande vichache vya majaribio, bure. Bandika, subiri siku moja, kisha tia chupa kwenye ndoo ya maji ya barafu usiku kucha. Asubuhi isugue kwa kidole gumba, ikwaruze kwa kucha pembeni, idondoshee bidhaa yako yenyewe juu. Mama wa juisi alifanya hivyo kwa siku 2 kwenye deli lake mwenyewe, akarudi na chupa moja ambayo hata sisi tulishindwa kuibandua lebo bila kisu, ndipo tukachapa.

Malighafi tunaagiza Dar es Salaam, kwa hiyo kwa oda kubwa tupe nafasi. Ukija, njoo na chupa yako tupu, mfuniko wake, na kidogo cha kile unachojaza humo. Kama ni mafuta, usiioshe.