Mwanangu, hiyo redio usiichomeke kwanza

Mwanangu,

Picha za hiyo redio yako ya zamani ya valvu (zile taa za kioo zinazowaka ndani) nimezipata zote, ile ya mgongo wa redio nimeikuza mpaka macho yakauma. Niambie hujaichomeka kwenye umeme. Kama ushachomeka chomoa afu ndo urudi kusoma.

Pupa yako naijua, umeirithi kwangu. Redio yangu ya kwanza ya valvu niliifuta vumbi nikachomeka saa ile ile, valvu zikawaka zile rangi za kaa la moto, baada ya nusu dakika ikaanza kuvuma mmmm, raha gani, nikakimbia kumwita mama yako aje asikie, tunarudi chumba kizima kinanuka lami iliyoungua. Transfoma ya spika kwisha habari yake. Na aliyeniponza ni kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) moja ya karatasi na nta, haizidi kidole chako cha mwisho.

Hiyo kapasita inakaa kabla ya valvu kubwa ya mwisho, ile inayosukuma spika. Kazi yake ipitishe sauti tu, umeme wa DC (ule unaokwenda upande mmoja tu) iuzuie. Sasa karatasi ikizeeka inanyonya unyevu inaanza kuvujisha, volti za juu zinapenya mpaka kwenye gridi ya ile valvu (kile kiwaya cha ndani kinachodhibiti mkondo), na gridi inatakiwa ikae hasi, ikishavutwa kwenda chanya valvu inakunywa mkondo kama haina akili, inachemka, transfoma iliyofungwa nayo inaungua pamoja nayo. Ukiipima kwa maltimita inaweza kukudanganya iko nzima, maana mita inapima kwa volti chache na humo ndani inabeba nyingi zaidi. Kwahiyo za nta wala usihangaike kupima, ng'oa zote weka za filamu ya plastiki za volti 630. Ukikuta imeandikwa 0.02 na umepata 0.022 weka tu. Na zile kubwa za kuchuja umeme badili pia, hizo ukigeuza chanya na hasi zinapasuka usoni.

Ng'oa moja, weka moja, piga picha, ndo uende nyingine. Waya za mpira zinazopukutika ukizigusa nazo hivyo hivyo, mmoja mmoja, ukizitoa zote kwa mkupuo utalia.

Kitu kingine nimekiona kwenye picha. Valvu zako ni 12BE6, 12BA6, 12AV6, 35W4 na 50C5, na transfoma ya umeme sijaiona. Namba ya mbele ndo volti za moto wa kila valvu, yani kile kiwaya cha ndani kinachoipasha joto, na mioto yote imeungwa msururu (mmoja ukikatika zote zinazima, usidhani zimekufa zote). Jumlisha: 12 mara tatu, 35, 50, unapata 121. Yani hiyo redio ni ya umeme wa 120, kama huko kwako ni 220 ungeichoma hata kabla ya kapasita kuanza visa vyake. Tafuta transfoma ya kushusha, iwe ile yenye koili mbili zilizotengana kabisa, kwasababu bati la ndani la redio hizi, lile vifaa vimefungwa juu yake, linaweza kuwa na umeme wa ukutani moja kwa moja, ukiligusa halikuulizi jina.

Siku ya kuwasha unga balbu ya zamani ya wati 60 kwenye waya mmoja, kabla ya transfoma, LED haifai hapo. Ikiwaka kidogo ikafifia sawa, iking'ang'ania kuwaka kwa nguvu kuna shoti, zima. Na ukishazima usiingize vidole, kapasita bado zina chaji, zimalize kwa rezista (kifaa cha kupunguza mkondo) afu pima mpaka usome sifuri.

Kioo cha namba za stesheni usikifute upande wa ndani hata kwa maji. Cha kwangu maandishi yote yalibaki kwenye kitambaa, mpaka leo natafuta stesheni kwa kubahatisha.

Baba yako