Anayenunua simu ya wizi mbona haguswi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme la moyoni, mana hili jambo nimelibeba toka mwezi wa nane na kila nikilisema mtaani naambiwa mama wewe unatetea wezi. Sitetei wezi. Mimi mwenyewe nimeibiwa. Napika chakula Mbagala Rangi Tatu, natoka nyumbani saa kumi alfajiri na ndoo kichwani, sasa alfajiri moja ikapita bodaboda ubavuni kwangu, aliyekaa nyuma akanikwapua simu, nikaanguka na samaki wangu wote wakamwagika kwenye mchanga, bega likateguka na mpaka leo nikisonga ugali nalisikia. Simu yenyewe ya laki na nusu, ila humo ndo kulikuwa na namba za wateja wanaokula kwa mkopo na hesabu yote ya mchezo wetu wa wakina mama wa kuchangiana hela, kijumbe mkusanyaji nilikuwa mimi.

Siku ya tatu vijana wa kijiweni wakamkamata. Nilivyomuona nikaishiwa nguvu, mtoto wa jirani, miaka 16, nimemjua toka anabebwa mgongoni, baba yao alishawakimbia na shule aliacha kidato cha pili. Najua watasema ada ilifutwa toka 2016, ni kweli imefutwa, lakini sare, daftari, nauli na michango hiyo mama anayefua nguo za watu anaitoa wapi na nyuma kuna wadogo zake watatu. Tairi lilikuwa limeshaletwa. Mimi na mama yake na mjumbe wa mtaa tukasimama katikati tunalia tunaomba mtoto apelekwe polisi asichomwe, na kuna watu walinitukana siku hiyo ambao nawapikia kila siku.

Mtoto akaulizwa simu iko wapi, akasema kamuuzia fundi simu, elfu 35. Fundi mwenyewe kila mtu anamjua, kibanda chake kiko barabarani. Tukaenda kituoni (sitakitaja) nikasema yote, na jina la fundi nikalitaja na kibanda nikaelekeza. Maelezo ya mtoto yakaandikwa kurasa tatu, ya fundi hata mstari mmoja hamna. Nikauliza afande na huyu mnunuzi vipi, nikaambiwa mama wewe si umeshampata mwizi wako, unataka nini tena.

Mtoto akawekwa selo moja na watu wazima siku tisa kabla ya kufikishwa mahakamani, wakati inatakiwa ndani ya masaa 24, na mama yake akauza godoro na redio kutafuta hela ya kumtoa, na ukutani hapohapo pameandikwa dhamana ni bure. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema wazi kabisa aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, asichanganywe na watu wazima, kesi yake isikilizwe mahakama ya watoto, na ustawi wa jamii washirikishwe toka mwanzo. Haya niliyajua baadae kwa msaidizi wa kisheria aliyetusaidia bure, Mungu ambariki. Siku zote hizo tisa fundi alikuwa kwenye kibanda chake anafanya kazi na mziki kafungulia.

Mhariri mimi nilikuwepo Dar ile Ijumaa ya tarehe 2 Januari 2015 mji mzima ulivyofunga maduka kwa hofu ya Panya Road, lile kundi la vijana waporaji, watu wanakimbia bila kujua wanakimbia nini. Ilisemwa wale vijana walikuwa wanatoka kumzika mwenzao aliyeuawa na wananchi wenye hasira. Zikafuata kamatakamata, vijana wakajazwa kwenye makarandinga, tukasema yameisha. 2022 wakarudi, safari hii wanaingia majumbani usiku na mapanga, wanacharanga watu kwa ajili ya TV na simu, mwezi wa tisa binti wa watu akauawa kule Kawe, polisi wakaingia kwenye operesheni na washukiwa wengine wakapigwa risasi wakafa. Sisemi polisi wakae wawaangalie wenye mapanga, hapana, walikuwa wanaua watu. Lakini najiuliza kitu kimoja tu, mtoto wa miaka 17 anabeba TV ya inchi 43 saa nane usiku, anaipeleka wapi? Kwao wanalala watu sita chumba kimoja, hata pa kuitundika hamna. Kuna mtu mzima anaipokea. Ana duka au ana stoo au ana usafiri, na hela anayo mkononi saa hizohizo, na huyu ndo kila baada ya miaka michache anapata kundi jipya la watoto mana wale wa kwanza wameshakufa au wako ndani.

Na adhabu kwa hawa watoto ni kubwa sana, watu hawajui. Akishika panga akamtishia mtu wakati anaiba, hiyo ni unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa lisilo na dhamana, na aliyefikisha 18 akikutwa na hatia ni miaka 30 kushuka chini hamna. Anaingia na 18 anatoka na 48. Kupokea mali ya wizi nako ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu hiyohiyo, lakini muulizeni mtu yeyote mtaani kwake kama ameshawahi kumuona mnunuzi anapandishwa karandinga. Inatokea, lakini ni mara moja moja sana, na mara nyingi mpaka aliyeibiwa awe mtu mwenye cheo.

Tusiambiwe haiwezekani. Juni 2016 TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, walizima simu feki nchi nzima usiku mmoja kwa kutumia IMEI, ile namba ya utambulisho ya kila simu, sote tuliona, jirani yangu ya kwake ilikufa hapohapo mkononi. 2020 laini zote zikasajiliwa kwa alama za vidole, isiyosajiliwa ikafungwa. Kwahiyo simu yangu ilivyowekwa laini nyingine, ile laini ina jina na kidole cha mtu. Ukimfuata huyo utamuuliza kainunua wapi, atakupeleka kwa fundi, na kama fundi kaichezea IMEI hilo nalo ni kosa peke yake kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Kazi ya siku mbili tatu. Mimi nilipeleka mpaka boksi la simu lenye IMEI, likaachwa mezani mpaka nikarudi nalo.

2023 Rais Samia aliunda Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ripoti ikakabidhiwa mwezi wa saba mwaka huohuo, na tuliona kwenye taarifa ya habari wananchi wakisema mengi kuhusu kubambikiwa kesi na kukaa mahabusu. Nilifurahi sana. Naomba na hili la wanunuzi lisisahauliwe.

Mtoto mwenyewe mahakama ilimuachia kwa masharti, chini ya uangalizi wa afisa ustawi. Nilimchukua mimi, anaosha vyombo na kubeba maji kibandani kwangu, namlipa elfu nne kwa siku na chakula, mama yake hakuamini mana bega lenyewe lilikuwa bado limefungwa. Anajituma. Ila mwezi uliopita akaja mwanaume, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, akaagiza wali maharage akala taratibu, kumbe yeye na mtoto walilala selo moja zile siku tisa. Akamwambia dogo kuna nyumba Chamazi ina TV mbili, mteja ameshapatikana. Mtoto akaniambia yeye mwenyewe jioni anatetemeka. Mteja ameshapatikana, Mhariri, na mlango bado haujavunjwa!

Naomba Jeshi la Polisi na TCRA wanijibu kupitia gazeti hilihili, kwa mwaka jana Temeke yote ni wanunuzi wangapi wa mali za wizi walifikishwa mahakamani, na mtu akiibiwa simu akaja na IMEI yake na jina la aliyeinunua, aende dirisha gani asikilizwe.

Mama lishe,
Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam