Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: Tuletee muuguzi

Ndugu Mganga Mkuu wa Wilaya,

YAH: MAFUNZO YA KUWAPA WATOTO DAWA KWA NJIA YA HAJA KUBWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mlezi katika kituo cha kutwa cha watoto wenye ulemavu, kile ulichokitembelea Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu. Siku hiyo ulisimama mbele ya wazazi ukaahidi kwamba kabla ya masika utatuma muuguzi aje atufundishe. Wazazi walikupigia makofi, nami nikapiga. Masika yameshaanza, Daktari. Barua za kukumbusha tumezileta masijala, zimegongwa mhuri wa kupokelewa, na majibu hakuna. Ndiyo maana leo nakuandikia hadharani.

Wiki iliyopita mtoto wetu mmoja, mwenye mtindio wa ubongo na kifafa, alishikwa na degedege wakati wa uji. Dakika tano zikapita haijamwachia. Dawa ilikuwepo. Mama yake alipewa hospitali akaileta kituoni ndani ya bahasha ya kaki: kichupa cha diazepamu cha miligramu 10, na bomba lenye sindano yake. Juu ya bahasha pameandikwa, "1 akipata degedege, njia ya haja kubwa." Basi. Moja nini? Kichupa chote?

Mtoto huyo ana miaka sita lakini ana kilo 12, kama walivyo watoto wetu wengi pale, wepesi kuliko umri wao. Dozi ni nusu miligramu kwa kila kilo. Kwa hiyo anastahili miligramu 6, yaani mililita 1.2 kati ya mbili zilizomo. Akipewa zote, pumzi inaweza kudhoofika mkononi mwako. Dada aliyekuwa zamu alikishika kile kichupa akitetemeka, hana wa kumuuliza. Tukamkimbiza mtoto kwa bajaji kwenye mvua, na njia nzima alikuwa anatingishika. Amelazwa mpaka leo. Shingo aliyokuwa ameanza kuikaza imelegea tena.

Huko wodini ndiko muuguzi mmoja aliponielekeza, kwa dakika chache tu, amesimama. Ukishavuta dawa, sindano ya chuma ichomolewe kabisa, libaki bomba tupu. Mtoto alazwe ubavu, magoti yakunjwe. Ncha ya bomba ipakwe kilainishi, iingizwe taratibu sentimita nne hadi tano, dawa isukumwe, kisha makalio yabanwe kwa dakika chache isirudi nje. Baada ya hapo mtu asibanduke: atazame kifua kinavyopanda na kushuka, aandike saa na kiasi alichotoa. Ni hayo tu, Daktari. Hayo ndiyo tunayoyaomba tangu mwaka jana, ila tunayataka kwa walezi wote, kwa mikono yao wenyewe, huku mwenye ujuzi akiwatazama.

Sijagusa dawa za choo kigumu. Watoto wasiotembea hufunga choo siku nyingi, na wanapoandikiwa vidonge vya kuweka nyuma, joto la huku pwani linaviyeyusha ndani ya pakiti kabla havijatumika. Friji hatuna. Na nani ametuambia ni mtoto gani asiwekewe, kwa mfano anayetoka damu? Hakuna.

Kuna jambo jingine ambalo walezi wananong'ona. Wanaogopa. Kumvua mtoto nguo na kumgusa sehemu hiyo bila karatasi yoyote ya kukulinda ni kujitafutia kesi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote, maana watoto wetu wengi hawawezi hata kusema walichofanyiwa. Basi tupeni utaratibu ulioandikwa na kusainiwa: mzazi aridhie kwa maandishi, watu wazima wawe wawili, pazia lifungwe, daftari lijazwe. Utaratibu huo utamlinda mtoto, na utamlinda mlezi pia.

Nadhani tunakwama kwa sababu jambo lenyewe linaonekana la aibu kulitaja kikaoni. Au labda ni kwa kuwa sisi si zahanati. Tukienda Afya tunaambiwa watoto hao ni wa Ustawi wa Jamii. Tukienda Ustawi wa Jamii tunaambiwa dawa ni mambo ya Afya. Katikati hapo ndipo tulipo mimi na watoto hawa. Posho inachelewa, presha yangu imepanda, usiku simu ikilia nadhani ni wodini. Mume wangu ananiambia niache kazi kabla sijaingia matatani. Nikiacha, nani atawapokea asubuhi?

Hatukuombi jengo wala gari. Friji tutaisubiri. Tunaomba muuguzi mmoja, kwa siku moja. Siku nzima ikishindikana, hata asubuhi moja. Nauli yake wazazi wamekubali kuchanga. Umeahidi, Daktari, na waliokusikia wapo. Tuletee muuguzi. Watoto huwa wameshafika saa mbili.

Wako katika kazi,
Mlezi, kituo cha kutwa cha watoto wenye ulemavu

Nakala: Afisa Ustawi wa Jamii wa Wilaya