Salamu za Krismasi kwa mlioko nyanda za Saskatchewan

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya, ndugu zetu mlioko Regina na Saskatoon, na ninyi madereva mtakaoipitisha sikukuu barabarani. Wakubwa zetu, shikamooni. Msimu huu jua linazama mnamo saa kumi na moja jioni, na usiku ni mrefu kwelikweli. Tunawasalimu kwa habari za redio inayofika hata pale simu inapokosa mtandao: CBK, ya CBC, shirika la umma la utangazaji la Canada, AM 540.

Ilifunguliwa tarehe 29 Julai 1939, nje ya mji mdogo wa Watrous, kwa nguvu ya wati 50,000. Mtambo mkubwa namna ile kuwekwa mashambani haikuwa bahati nasibu. Watrous iko jirani na Little Manitou, ziwa la chumvi, na udongo wa pale una madini yanayopitisha umeme vizuri. Mawimbi ya AM husafiri yakiambaa ardhi: kwenye mwamba au mchanga mkavu hufifia upesi, kwenye udongo wa chumvi na unyevu huenda mbali sana. Tena 540 iko mwanzoni kabisa mwa bendi, na masafa, yaani kasi ya mtetemo wa wimbi, yakiwa ya chini, ardhi huyanyonya kidogo. Waliochagua pale waliijua kazi yao.

Krismasi yake ya kwanza ilikuwa ya vita. Canada iliingia vitani Septemba ileile. Mashamba mengi hayakuwa na umeme, maana sheria ya kuusambaza vijijini Saskatchewan ilikuja 1949. Redio ya shambani ilitumia betri: moja ya volti chache ya kupasha valvu, zile chupa za kioo za redio za zamani, na mbili za volti 45 zilizounganishwa kupata 90. Waliotumia betri za asidi walikuwa na shida nyingine: ikiisha chaji, maji yake huganda kwenye baridi ya nyuzi 10 hivi chini ya sifuri, na kasha hupasuka. Kwa hiyo chaji haikuchezewa. Mtu mwenye kijana wake Ulaya alihitaji taarifa ya habari kuliko muziki.

Kuipata leo, tafuta redio ndogo yenye AM. Usihangaike kuvuta ule mkonga wa juu, huo ni wa FM. Antena ya AM ni fimbo ya feraiti, aina ya kauri yenye chuma, iliyolala ndani, nayo hushika wimbi kwa ubavu, si kwa ncha. Iweke redio mezani uizungushe polepole mpaka sauti ikae sawa. Ikivuma tu, chomoa chaja ya simu, kisha taa za mti wa Krismasi, kimoja kimoja, maana vigeuza umeme vya bei rahisi hutoa kelele palepale kwenye AM. Usiku stesheni za mbali nazo huruka angani na kuingiliana. Izungushe tena, ncha ya fimbo ielekee ile usiyoitaka.

Redio ndogo ya kuweka garini iwe na betri za lithiamu. Zile za alkalini hulegea kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, na ndipo mtu anapotaka kujua kama barabara imefungwa.

Sikukuu njema, na Mungu awafikishe salama muendako.